Wembe na Sheria ya Saba

Wembe aliitazama bodi ile ya umeme kwa muda kabla ya kuigusa, kama mtu anayemtazama kibarua aliyekuja kulima na suti. Ilikuwa ya kijani, si kubwa kuliko kiganja cha mkono, iking'aa kama imepakwa mafuta. Vipande vyake vyote vilisimama kwa mistari, vikopo vya kapasita kimoja nyuma ya kingine, kama wanafunzi kwenye gwaride wakimsubiri mgeni rasmi. Upande wa kushoto ulifanana na wa kulia. Njia za shaba zilipita sambamba, zikakata kona kwa pamoja, zikafika kwa pamoja. Pembeni, kwa herufi nyeupe za madoido, mchoraji alikuwa ameandika jina lake.

"Imetulia, eh?" alisema Msanifu, akiwa amesimama nyuma yake na mikono mfukoni.

"Imetulia sana," Wembe alijibu. "Kama maiti iliyokwisha kuoshwa."

Mtunza stoo, aliyekuwa akihesabu skrubu kwenye meza ya pili, aliinamisha kichwa ili kicheko chake kiishie ndani ya boksi.

Msanifu hakukasirika. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, mpole, mwenye shahada mbili na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga tone la risasi ya kuchomelea. Alikuwa pia mume wa binti ya Tajiri, mwenye karakana, na hilo lilimpa utulivu ambao shahada peke yake hazitoi. "Mama," alisema, "watu wananunua kwa macho."

"Na kuku je? Nao wanaatamia kwa macho?"

Karakana yao ilitengeneza mashine za kutotolea vifaranga. Ni sanduku la bati na mbao, lina feni, waya wa kupasha joto, na bodi moja inayofanya kazi ya mama kuku: kuhisi joto, kuwasha likipungua, kuzima likizidi. Kikundi cha akina mama wafuga kuku kilikuwa kimeagiza mashine arobaini, na Msanifu alipewa kuchora bodi mpya. Sampuli tano zilikuwa zimeletwa kutoka kiwandani. Zikipita ukaguzi, nyingine zingeagizwa. Nao ukaguzi, kwa miaka kumi na tisa, ulikuwa saini ya Wembe. Kila mchoro ulikuwa na nafasi mbili chini yake: aliyechora na aliyekagua. Waliochora walikuja wakaondoka. Aliyekagua alibaki kwenye kiti kile kile kirefu chenye mto wa kitambaa, chini ya dirisha, akiwasubiri.

Jina la Wembe lilitokana na ulimi wake, alivyosema kila mtu. Lakini ulikuwapo pia wembe wa kweli, ndani ya kopo la dawa ya kikohozi, aliokuwa akikatia shaba iliyopitishwa pasipofaa. Aliurithi ufundi kwenye kibanda cha mjomba wake, fundi redio, ambako tangu usichana wake vitu vililetwa vikiwa vimekufa. Pale hakufundishwa namna bodi inavyotengenezwa. Alifundishwa namna inavyokufa. Alijifunza kusoma alama nyeusi ya moto kama wengine wanavyosoma mwandiko. Hapa mtu alipitisha umeme mwingi kwenye njia nyembamba kama uzi. Hapa mtu alikuwa na haraka. Hapa mtu alijiona. Kwa miaka thelathini alikutana na binadamu kwa njia hiyo tu, kupitia uzembe wao, na mtu anayewajua watu hivyo ni shida kuwapenda.

Namna yake ya kazi ilikuwa kichekesho cha karakana. Mchoro ukiletwa, hakuutazama kwenye skrini zaidi ya dakika tano. Aliuchapisha kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, akaupima kwa rula kwanza, maana printa ya ofisini ilikuwa na tabia ya kupunguza kidogo kila kitu ili kitoshe, kama mwanasiasa. Kisha aliubandika juu ya katoni ya sabuni, akatoboa matundu kwa sindano, akavisimika vipande vya kweli kimoja kimoja. Baada ya hapo alifumba macho na kupapasa. Je, kidole kinafika penye soketi? Bisibisi itapita, au itagonga kapasita? Kisha aliigeuza katoni na kuanza tena kwa upande wa chini, maana wachoraji wengi, alisema, wanadhani bodi ina upande mmoja kama mkeka wa sebuleni.

"Mama Wembe anacheza kibaba-mama," mtunza stoo alikuwa akisema.

"Afadhali mimi nacheza na katoni. Wenzangu wanacheza na mashine za watu."

Hakuna bodi yenye saini yake iliyowahi kurudishwa.

Ukutani, juu ya meza yake, ilibandikwa karatasi moja iliyogeuka rangi ya chai. Juu yake palikuwa na sheria kumi na mbili kwa wino wa bluu. Njia ya umeme mwingi iwe pana. Kapasita ikae mlangoni kwa chipu yake, si mtaa wa pili. Maandishi yasomeke bila mtu kuvunja shingo. Usipeleke kiwandani kitu ambacho hujakishika kwa mkono. Na kadhalika. Zilikuwa amri tupu, bila sababu hata moja, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza sababu. Wembe aliipenda hali hiyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Wao walikuwa na karatasi. Sababu alikuwa nazo yeye.

Basi Jumanne ile aliligundua kosa la Msanifu kabla mtunza stoo hajamaliza kucheka.

Kwenye kona moja ya bodi kilikaa kipunguza volti, kile kipande cheusi kinachopokea umeme mkali na kuutoa ukiwa mpole, na ambacho kwa kazi hiyo huchemka kama sufuria. Kwenye kona ya pili, kwa ajili ya ulinganifu, kilikaa kihisi joto, kile kinachotakiwa kujua hali ya mayai. Katikati yao, ili bodi ipendeze, Msanifu alikuwa amemwaga shaba tupu, pana, isiyokatika, kama sakafu iliyosakafiwa ukuta hadi ukuta, juu na chini. Shaba hupitisha umeme. Hupitisha joto vilevile. Kihisi kile kisingehisi mayai, kingehisi jirani yake. Kingedhani mayai yana joto huku yanapoa, kikazima waya, na mashine ingeonyesha namba nzuri juu ya yai lililokufa.

Wembe aliyaona hayo yote, akairudisha bodi mezani.

"Sisaini," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Soma ukutani."

Ndivyo alivyowajibu wote. Mchoraji alipaswa kwenda ukutani, asome, atoe jasho, akisie, arudi. Wembe aliita hiyo shule. Mtunza stoo aliiita kwa jina jingine akiwa hayupo.

Msanifu alisoma. Alisoma siku mbili. Ijumaa, Tajiri alishuka mwenyewe kutoka ofisini, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ambaye alikuwa na karakana ya umeme na bado alishtuka kila alipogusa swichi. Sampuli ilikuwa imefungwa kwenye mashine tangu Jumatano, na skrini yake ilisema thelathini na saba nukta saba, bila kutetereka.

"Bi Wembe, naambiwa unatukwamisha."

"Weka kipimajoto cha kioo humo ndani, Tajiri. Usiniulize mimi."

Kiliwekwa. Walisubiri nusu saa. Kioo kilisema thelathini na tano, na kidogo.

"Hicho kioo ni cha enzi za babu," alisema Msanifu, "lakini hata kama kiko sahihi, ni jambo dogo. Natoa hizo digrii mbili na nusu kwenye programu. Dakika moja tu."

Wembe alicheka, kicheko kikavu cha puani. Joto la jirani halikai mahali pamoja. Feni ikikaza, kipande kile kinachemka zaidi, ikilegea, kinapoa. Kukitolea kihisi digrii zile zile asubuhi na jioni ni sawa na kumpima mtoto homa ukiwa umemweka kando ya jiko, kisha ukasema, si neno, nitapunguza. Lakini maneno hayo aliyasema moyoni. Kwa mdomo alisema, "Sheria ya saba."

Msanifu alikwenda ukutani, akaisoma kwa sauti, taratibu, ili Tajiri asikie. "Kihisi joto kikae sentimita tatu au zaidi kutoka kwenye kitu kinachochemka." Akachukua rula ya Wembe mwenyewe, ile yenye ncha iliyolika, akaiweka juu ya bodi. "Tatu nukta mbili," alisema. Akampa Tajiri rula ajionee.

Mtunza stoo aliacha kuhesabu.

Wembe aliitazama karatasi yake. Ilikuwa kweli. Karatasi ilisema sentimita tatu, na haikusema zaidi. Kwa sababu yeye, katika kila bodi aliyowahi kuigusa, alikata shaba kuzunguka kihisi bila kufikiri, akakiacha kisiwani, kimeunganishwa kwa njia mbili nyembamba tu. Mkono wake ulijua. Mkono haukuiambia kalamu. Kijana huyu aliyemdharau alikuwa amemtii hadi nukta ya mwisho, na utii huo ndio uliotengeneza bodi mbovu.

Sentensi moja ingetosha. Karatasi yangu ina upungufu. Aliisikia ikipanda kooni, akaimeza kama mfupa.

"Sisaini," alirudia.

"Basi, mama yangu," alisema Tajiri kwa huzuni ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, "mkwe wangu atasaini nafasi ya kwanza, na ya pili nitasaini mimi. Jumatatu mchana. Na wewe utatusaidia kule kwenye kufunga maboksi. Umetumikia sana. Pumzika."

Wembe alitoka mlangoni akiwa ameshika kopo la dawa ya kikohozi mkononi, hakujua kwa nini.

Jumamosi saa nne asubuhi mdogo wake alimtembelea. Alikuwa mwanamke mcheshi, mwepesi, mwenye kuku mia na uchafu wa kuku kwenye kisigino, na ndiye aliyekuwa katibu wa kikundi kile cha akina mama. Alikaa jikoni, akavua viatu, akaanza kusema kabla hajakaa vizuri.

"Dada, nimewaambia wenzangu watulie. Wengine walitaka zile mashine za madukani zenye taa za rangi. Nikawaambia, nyie, hizi dada yangu anazikagua. Dada yangu huyu ninayemjua. Hamsifii hata marehemu."

"Sikagui tena," alisema Wembe. Alikuwa akisugua sufuria iliyokwisha kutakata.

"Umefukuzwa?"

"Nimepewa maboksi."

"Kwa kosa gani?"

"La mtoto mmoja mjinga."

Mdogo wake alimtazama. Kati ya watu wote duniani, huyu ndiye pekee asiyeogopa ule ulimi, maana alikuwa amelelewa nao. "Na huyo mtoto ulimwambia kosa lake?"

"Limeandikwa ukutani."

"Sikuuliza ukuta, dada. Nimeuliza wewe."

Wembe alisugua kwa nguvu zaidi. Sufuria ilitoa mlio mbaya chini ya sponji.

"Unajua unachofanya?" mdogo wake alisema, akitafuta kiatu kwa mguu. "Unafanya alivyofanya mjomba. Unakumbuka? Ulimuuliza ile redio imekufaje, akakwambia, itazame. Ulilia wiki nzima."

"Nikajua."

"Ukajua. Na tangu hapo unataka kila mtu alie kwanza." Alisimama. "Mayai yetu hayawezi kulia, mama yao mkubwa. Yataoza tu."

Alipoondoka, Wembe alikaa kwenye kile kigoda ambacho mdogo wake alikuwa amekikalia. Alimfikiria mjomba wake, mtu aliyekufa na siri ya redio mia tatu kifuani, na hakuna aliyezirithi ila yeye, kwa kubahatisha. Alikuwa akimwita hodari. Sasa alimwona vingine: mzee mdogo, mwoga, aliyekalia alichokijua kama kuku aliyekalia mayai viza, akimdonoa kila anayekaribia. Alimdharau. Na dharau ile, ambayo kwa miaka yote ilitoka kwake kwenda kwa wengine, ikazunguka kidogo pale jikoni, ikarudi, ikamkuta nyumbani.

Jumatatu asubuhi alifika na kikopo cha mafuta ya kupikia, yale yanayoganda. Walipokuja wote, alikuwa amepanga sampuli mbili juu ya meza. Moja ilikuwa nzima. Ya pili alikuwa ameichinja: kuzunguka kihisi, juu na chini, ule urembo wa kijani ulikuwa umekwanguliwa kwa wembe na shaba kuondolewa, pakabaki mfereji mbaya kama jeraha na njia mbili nyembamba za kupita. Msanifu aliguna kama aliyekatwa mwenyewe.

"Nyamaza utazame," alisema Wembe.

Juu ya kila bodi alikuwa ameweka vitone vyeupe vya mafuta kwa mstari, kutoka kwenye kipunguza volti hadi kwenye kihisi. Akawasha. Kwa dakika moja hapakuwa na kitu. Kisha, kwenye bodi nzima, kitone cha kwanza kilitoa jasho, kikalegea, kikawa maji. Kikafuata cha pili. Cha tatu. Joto lilitembea mbele ya macho yao kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, hadi kitone cha mwisho, kile kilichoegemea kihisi, nacho kikayeyuka. Kwenye bodi iliyochinjwa vitone viliyeyuka hadi ukingo wa mfereji. Ng'ambo, mafuta yalibaki meupe.

"Joto limekosa kivuko," alisema mtunza stoo kwa sauti ndogo.

Tajiri aliangalia vitone, kisha mkwe wake, kisha dari. Msanifu alikuwa ameinama juu ya meza, na kwa mara ya kwanza tai yake iligusa kitu kichafu.

"Lakini karatasi haikusema," alisema. Hakulalamika, aliuliza. "Nilipima. Karatasi haikusema shaba."

"Haikusema," alisema Wembe.

Lilikuwa neno moja, na lilimchukua muda mrefu kuliko mafuta. Alichukua kalamu, akapanda juu ya kiti, akaongeza chini ya sheria ya saba: *Na shaba ikatwe kukizunguka pande zote mbili, juu na chini, kwa sababu joto hutembea ndani yake.* Ilikuwa mara ya kwanza ukuta ule kuona maneno "kwa sababu".

Bodi ilichorwa upya. Sampuli mpya zilipokuja, kioo na skrini vilisema namba moja asubuhi na jioni, na Wembe aliachiwa asaini hiyo moja. Mashine arobaini zikaenda. Mtu angetarajia kwamba hapo ndipo angerudishiwa kiti chake, na mtu huyo angekuwa hamjui Tajiri.

"Sasa karatasi imekamilika," Tajiri alitangaza kwa furaha. "Yeyote anaweza kukagua. Ndiyo faida ya kuandika mambo!" Na yeye, ambaye hakuweza kutofautisha kapasita na punje ya karanga, akamgongagonga Wembe begani. Maboksi yakabaki maboksi.

Wiki mbili baadaye karatasi ya zamani ilibanduliwa. Mahali pake Msanifu alitundika nyingine, iliyochapwa na kufunikwa plastiki, yenye fremu ya bluu na kichwa cha habari: Miongozo ya Karakana. Chini, kwa herufi za madoido, kulikuwa na jina lake. Wembe aliipitia akiwa amebeba maboksi mawili kifuani. Mistari yote kumi na mbili ilikuwa na urefu sawa, ikianza pamoja na kuishia pamoja. Alijua mara moja kwamba kitu kimekufa humo ndani. Urembo wa namna ile hauji bure.

Alikipata kwenye sheria ya saba. *Shaba ikatwe kukizunguka kihisi, maana hupitisha joto.* Maneno "pande zote mbili, juu na chini" hayakuwapo. Yalikuwa yamevuka fremu, yakakatwa.

Alisimama pale. Alifanya hesabu kwa haraka, kama alivyozoea kusoma alama za moto, ila safari hii moto ulikuwa bado haujawaka. Bodi ijayo Msanifu angekata shaba upande wa juu peke yake. Joto lingepita chini. Tajiri angesaini kwa tabasamu. Baada ya miezi miwili mashine zingerudi na mayai yaliyooza, mtu angekuja kwenye maboksi na kofia mkononi, na kiti kingerudi chenyewe bila yeye kufungua mdomo. Alichotakiwa ni kunyamaza, na katika kunyamaza alikuwa na uzoefu wa miaka kumi na tisa.

Akilini aliona kisigino cha mdogo wake kikitafuta kiatu.

Aliweka maboksi chini kwa kishindo.

"Wewe!" aliita. "Mpenda fremu! Njoo hapa."

Msanifu aliinuka kutoka chini ya dirisha, akaja akifuta mikono, ambayo siku hizi ilikuwa na alama mbili tatu za kuungua. Wembe aliweka kidole kwenye plastiki.

"Yako wapi maneno yangu sita?"

Alisoma. Uso ukamwiva. "Hayakutosha kwenye mstari, mama. Nilidhani... ukishakata, si umekata? Upande wa chini unahusikaje?"

Wembe alifungua mdomo kusema, soma ukutani. Kisha akasikia alichoulizwa. Katika miaka yote ile, katika msururu wote wa waliomchukia na waliomwogopa, hakuna aliyewahi kusimama mbele ya karatasi ile akauliza hivyo. Hakuwa amewapa nafasi. Alimtazama kijana yule, tai yake, nywele zake zilizopangwa kwa mistari, akaona bado anamdharau, vizuri tu, na kwamba dharau hiyo haizuii chochote.

"Lete bodi mbovu moja na ule wembe wangu," alisema. "Na kiti."

"Kiti gani?"

"Changu."

Akakileta.